Uso wa Tate Kaswera

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 2023. Asubuhi hiyo mvua nyepesi ilinyesha Goma, na wingu zito lilificha mlima wote wa Nyiragongo. Katika mtaa wa Mapendo, Bénédicte, msichana wa miaka kumi na tatu, alisali na nyanya yake, akafagia sebule, kisha akapanga viti vya wageni.

Nyanya huyo, Tate Kaswera, alikuwa amefika wiki hiyo kutoka Butembo kutibiwa macho. Siku ya pili tu, binti yake wa mwisho, Tantine Victoire, shangazi wa Bénédicte, alimwomba msichana huyo ampige Tate picha.

"Ni ya kuwatumia ndugu zetu," alisema.

Lakini jana Bénédicte aliiona picha hiyo kwenye tangazo la Tantine la krimu ya uso. Iliwekwa kando ya picha ya Tantine mwenyewe, kwa kuwa mama na binti wanafanana kama sahani mbili za seti moja. Chini ya uso wa Tate paliandikwa KABLA. Chini ya uso wa Tantine paliandikwa BAADA.

"Leo wanakuja akina mama wa mtaa wa Himbi kununua krimu," Tantine alimwambia sasa. "Tate akae chumbani. Wakiuliza, sema hakuna muzee hapa."

"Tantine, siwezi kumkana Tate."

"Nani amesema kumkana? Ni saa moja tu!"

"Hata dakika moja, siwezi."

"Weye mutoto, unabishana na mimi?"

Bénédicte hakuinamisha kichwa. "Nitawaletea chai, Tantine. Nitaosha vikombe. Lakini hayo sitayasema."

Wageni walikuwa wamekwisha kubisha hodi. Tantine akavaa tabasamu na kuwakaribisha.

"Krimu hii ina peptidi," alieleza. "Ni vipande vidogo sana vya protini. Vinaiambia ngozi ijijenge upya. Tazameni mimi: miezi miwili tu!"

Mmoja wao, muuguzi aliyeitwa Mama Valérie, aliisogeza karibu simu ya Tantine yenye lile tangazo. "Huyu wa kwanza ni wewe kweli?"

"Ni mimi."

Mama Valérie akamgeukia Bénédicte aliyeshika sinia. "Na weye, umewahi kumuona Tantine na uso huu?"

Tantine alimkazia macho.

"Hapana, Mama," Bénédicte alijibu. "Huyo ni Tate wangu. Yuko chumbani, na atatoka akitaka."

Mlango ulifunguka. Tate alikuwa amesikia yote. Alikuja polepole akipapasa ukuta, rozari mkononi.

"Victoire, leta hiyo simu." Aliitazama kwa karibu sana. "Kumbe mimi ndiye KABLA! Nikimaliza kopo moja nitakuwa wewe? Basi unitafutie na bwana!"

Akina mama walicheka hadi chai ikamwagika. Tantine alifunika uso.

"Mama, nisamehe. Watu hawanunui bila picha."

"Waache wasinunue! Uso huu si ugonjwa. Nilimwomba Mungu aniache nizeeke, akanisikia. Na wewe unauonea aibu?"

Mama Valérie hakucheka tena. "Victoire, peptidi si uchawi, wala si uongo. Baadhi husaidia ngozi iwe laini, na mikunjo midogo ipungue kidogo, taratibu. Lakini hakuna krimu ya kumrudisha mutu miaka thelathini nyuma. Ungeniambia hivyo, ningenunua." Kisha akamtazama Bénédicte. "Mwanangu, kumheshimu mkubwa si kumsaidia kudanganya. Leo umemheshimu Tate, na Tantine pia, hata kama bado amekununia."

Tantine aliichukua simu. Aliifuta picha mbele ya macho yao, akamshika Tate mkono na kumkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Kisha akasimama wima.

"Mbele ya Mungu, mbele ya mama yangu na mbele yenu nyote," alisema kwa sauti, "wote walioiona picha ile nitawaambia ukweli. Sitauza tena krimu hii kabla sijamwambia mnunuzi kile ambacho haiwezi kufanya. Na mgeni yeyote akibisha hodi hapa, Mama ndiye atakayemfungulia mlango."