Ukurasa wa Thelathini na Moja

Kabati la kioo halikuwa limevunjwa. Kufuli ilikuwa mahali pake. Lakini ukurasa wa thelathini na moja wa daftari la kambi haukuwepo.

Inspekta Flaviana Kamugisha wa kitengo cha wizi, Houston, alipiga magoti nyuma ya kabati. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, Machi 2018.

"Daftari lenyewe ni la nini?" alimwuliza Florent, msimamizi wa jumba hilo dogo la makumbusho.

"La kiwanda cha Wanazi. Waligeuza makaa ya mawe kuwa petroli ya ndege za vita. Watu walikamatwa Poland na kwingineko, wakafungiwa kambini, wakafanyishwa kazi kwa nguvu. Majina yao yamo humu."

Skrubu mbili za chini za ubao wa nyuma zilikuwa zimefunguliwa. Za juu hazikuguswa. Kwenye zulia palikuwa na alama mbili za magurudumu, sambamba.

"Mwizi wetu hakusimama," alisema Flaviana. "Alikuwa amekaa."

Jana yake mgeni mmoja tu alikuja kwa kiti cha magurudumu: Zygmunt Wrona, miaka tisini na miwili, mkazi wa mji jirani wa Pearland, pamoja na mlezi wake.

Mlezi huyo, Mkenya aitwaye Nyaboke, ndiye aliyefungua mlango wa nyumba ya mzee. Alipoona kitambulisho cha polisi, hakungoja kuulizwa.

"Ni mimi nilichukua, afande. Mwache mzee."

"Ulifungua skrubu ngapi, dada?"

"Nne."

"Zilifunguliwa mbili. Wewe ulikuwa wapi?"

Nyaboke alifuta macho. "Alinituma maji. Nikirudi, akaniambia twende home. Afande, nimemchunga miaka minne. Huyu mzee analia akiwa amelala. Please, usim-arrest."

"Nyaboke, mwache aingie," sauti iliita kutoka chumbani, kwa Kiingereza chenye lafudhi nzito.

Mzee Zygmunt alikuwa dirishani, bahasha mapajani. Flaviana akavuta kiti, akamwonyesha picha ya ukurasa ule aliyopewa na Florent. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja: Ludwik Wrona, miaka ishirini, amekufa kazini, Agosti 1944.

"Huyu ni nani kwako?"

"Kaka yangu."

"Kwa nini uibe jina lake?"

"Dada yangu mdogo, Halina, anakuja Jumamosi kutoka mji wa Euless kuona maonyesho. Tangu vita viishe namwambia Ludwik alitoroka."

"Ulimdanganya kwa nini?"

Mzee aliigeuza bahasha mapajani.

"Zamu ile ilikuwa yangu," alisema. "Nilikuwa na homa. Homa ndogo tu. Ningeweza kwenda. Lakini ndege zilikuwa zimeshapiga kiwanda mara mbili, na sisi wafungwa hatukuruhusiwa kuingia kwenye mahandaki. Niliogopa. Nikamwambia Ludwik siwezi kusimama, akaenda badala yangu. Saa sita mchana mabomu yakaanguka. Halina alikuwa na miaka minane. Ningemwambia nini? Kwamba nilimpeleka kaka yake akafe?"

Alimkabidhi bahasha. Ukurasa ulikuwa ndani, haujakunjwa wala kuchanika.

Flaviana alimpigia Florent, akamweleza yote. Florent alishusha pumzi. "Sitaki mashtaka. Urudishwe tu."

Flaviana akamgeukia mzee. "Ukurasa utarudi kabatini, mzee wangu. Halina atausoma. Afadhali asikie kwako kwanza."

Jumamosi, Halina aliingia akiwa ameshika mkono wa mwanawe. Zygmunt alimngoja mbele ya kabati. Alizungumza Kiingereza, ili Nyaboke naye asikie, na hakuificha ile homa ndogo wala woga wake.

Halina aliinamia kioo, akausoma mstari ule mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Nyaboke alikamata mpini wa kiti cha mzee, kama anayejiandaa kumwondoa haraka.

"Siku ile," Halina aliuliza bila kugeuka, "alikuwa amekula?"

"Alikula. Nilimpa mkate wangu wote."

Halina alivuta kiti, akaketi ubavuni mwa kaka yake.

"Haya, nihadithie," alisema. "Anza asubuhi, alipoamka."