Rangi Nyekundu Kidoleni

Mfuko wa Swabaha ulipasuka katikati ya soko la Kilindoni, wakati watu wanagombania samaki, na nyuzi zake za cherehani zikabingirika chini ya miguu ya kila mtu.

"Jamani, msinikanyagie!" alipiga kelele, dera lake la manjano amelikunja mkononi lisiguse maji ya samaki.

Kijana mmoja mrefu, kofia ya kiua kichwani, aliinama akaziokota. Alipomrudishia, uzi mmoja wa zambarau aliubakiza kiganjani.

"Na huo?"

"Huu nitauleta kwako."

"Kwani wewe hamali wa nyuzi?"

"Leo nimeanza. Unakaa wapi, dada?"

Swabaha alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. "Fuata barabara ya Kirongwe. Ukiona bango la bluu lenye mshale, herufi ya S imeandikwa kinyumenyume, ingia hapo. Ukipotea, basi hukuwa na nia."

Hakupotea. Jina lake Mabruki, na uzi ule aliuleta umefungwa kwenye karatasi kama zawadi ya Idi.

Bango aliliandika marehemu baba yake Swabaha kwa mkono wake, SWABAHA FUNDI CHEREHANI, akalisimika ukingoni mwa barabara kwa sababu nyumba yao imejificha nyuma ya minazi. Baba hakuacha picha ya maana wala sauti kwenye simu. Aliacha ile S.

Mabruki alisema anafanya kazi za barabara, na Swabaha akamwazia anaziba mashimo. Mchana simu ilikuwa haiishi kulia.

"Umekula, laazizi?"

"Nitakulaje, na wewe uko juani?"

"Mwongo wewe! Nasikia unatafuna."

"Muhogo tu huu. Huu si kula."

Ndipo ikapita gari yenye spika. Ikatangaza kwamba bango lolote lililosimama ndani ya hifadhi ya barabara mwenyewe aliondoe, la sivyo litakatwa. Swabaha alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Alijua bango lake limo. Lakini kuling'oa mwenyewe aliona ni kama kumzika baba mara ya pili, akanyamaza, akaomba wasilione.

Alama nyekundu za X, za mabango ya kukatwa, zikaanza upande wa Kirongwe. Leo kwa kinyozi, kesho duka la dawa. Zilikuja taratibu, kama mtu anayeijua nyumba anayokwenda. Swabaha akawa kila gari ikifunga breki anashtuka. Gauni la watu alilishona mkono wa kulia kushoto, akafumua, akakosea tena.

"Mabruki, zimefika kwenye gesti," alisema kwenye simu. "Wewe uko na watu wa barabara. Niombee basi, wapite."

Akasikia anakohoa tu.

"Mabruki?"

"Mtandao unasumbua, mpenzi. Nitakuja Ijumaa."

Ijumaa alikuja na kanzu safi, mkono wa kulia mfukoni. Shangazi Biasha, aliyekaa na Swabaha tangu baba afariki, akamtolea kahawa. Mabruki akaipokea kwa mkono wa kushoto.

Shangazi hakuachia kikombe. "Mkono wa kulia unauma, mwanangu?"

Mabruki akautoa polepole. Kidole cha mwisho kilikuwa chekundu mpaka kwenye kucha, na kiganja kina wekundu wa kusuguliwa. Nyumba zile hakuna asiyejua ni mwanamume gani anayepakwa hina kidole cha mwisho. Ni bwana harusi.

"Hongera," alisema shangazi. "Imekukamata vizuri. Umeoa lini?"

Mabruki akaurudisha mkono mfukoni. Jasho likamtoka chini ya kofia. "Shangazi, nitaeleza. Naomba isiwe leo."

"Basi toka," alisema Swabaha.

Jioni simu ikalia.

"Swaba, sijaoa."

"Kwa hiyo kidole kimejipaka?"

"Nikikwambia ni nini, utanichukia zaidi."

"Zaidi ya hivi?" Akakata. Akalia mpaka kanga ikalowa.

Jumatatu asubuhi alitoka kuangalia, na X ilikuwa imefika. Kwenye mabango ya watu ilipigwa juu ya maandishi. Hapa ilipigwa chini, kwenye nguzo, ndogo, herufi hata moja haikuguswa. Swabaha akaigusa. Haijakauka. Akakitazama kidole chake, sasa chekundu kama cha Mabruki. Kumbe haikuwa hina.

Kabla hajageuka, kirikuu, kile kigari cha mizigo, ikasimama nyuma yake. Wakashuka wanaume na msumeno wa chuma, na Mabruki wa mwisho. Swabaha akaikumbatia nguzo.

"Dada, ondoka, utakatika!" alisema mmoja. "Mabruki, kata twende!"

"Sikati. Nachimba."

"Utachimba mpaka magharibi! Ina saruji hiyo."

"Tangulieni. Mkirudi hamtalikuta hapa."

Kirikuu ikaondoka. Mabruki akashika sururu.

"Kumbe ni wewe," alisema Swabaha. "Kila nikilala namwona mtu anakuja kulikata, kumbe ndiye ninayemwambia usiku mwema."

"Bango lako ningeliacha bila alama, wangekuja wengine na msumeno. Nilitaka nikwambie, nikaogopa. Kila alama niliyopiga, niliona naukaribia mlango wako kwa ubaya."

"Ungesema ni rangi tu!"

"Na ungeuliza rangi ya nini."

Swabaha akaiachia nguzo. Mabruki alichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, akaliinua bango zima na saruji yake, akalibeba begani.

"Lete ndani ya ua," shangazi aliita. "Huku ni kwetu, hakuna wa kuligusa."

Wakalisimika kando ya kibaraza. Mshale ukaelekea mlangoni.

"Huku wateja hawataliona," alisema Swabaha.

"Nitasimama barabarani niwaelekeze." Mabruki akavua kofia. "Shangazi, wazee wangu wakija na posa, watafunguliwa mlango?"

Shangazi akamtazama Swabaha. Mbali barabarani honi ya kirikuu ikalia, Swabaha akashtuka kama alivyozoea. Kisha akaingia jikoni, akatoka na mafuta ya taa na kitambaa, akamkamata mkono na kuanza kukisugua kile kidole.

"Unaniumiza, Swaba."

"Tulia. Hina haikamati juu ya rangi."