Bakuli Lisilovuja

Kila jioni baada ya masomo, Gesare alivua sare, akanywa uji, kisha akaketi nyuma ya nyumba kumsaidia mama yake kusugua vinyago kwa msasa na maji. Kwao ni Tabaka, kijiji cha wachongaji, na huko hata kuku huwa na vumbi la jiwe la sabuni, lile laini wanalochonga, mabawani. Lakini mwezi huo alikuwa na kazi nyingine aliyoionea fahari kubwa. Shangazi yake Jemimah, karani katika ofisi moja kule Kenyenya, alikwenda mafunzoni Nakuru kwa wiki tatu, akamwachia bonsai yake.

Bonsai ni mti unaopogolewa na kutunzwa chunguni ili ubaki mdogo. Huu ulikuwa mzeituni mwitu usiofika magotini mwa mtu mzima, ingawa ulimzidi Gesare umri kwa mwaka mzima. Shangazi aliuotesha kwa mbegu aliyookota karibu na kaburi la babu, yaani baba yake, mwaka ule ule walipomzika. Uliishi katika chungu cha udongo, kipana na kifupi, chenye ufa ubavuni.

"Mwagilia udongo ukikauka tu," shangazi aliagiza. "Chungu kipya tutachagua mimi na wewe nikirudi, tuupeleke kwenye maonyesho ya maua mjini Kisii."

Gesare hakungoja. Chungu kile kilimkera macho. Alimwendea baba yake, Machogu, mchongaji ambaye kazi yake ilisifiwa soko zima.

"Tata, nichongee bakuli zuri."

"La nini?"

"La kumpa shangazi."

Hakudanganya, ila hakusema yote. Baba alichonga bakuli refu la jiwe jeupe, akalipaka nta likang'aa. Kisha akafanya kama anavyofanya kwa kila bakuli lake: alilijaza maji, akaliweka juu ya gazeti kavu hadi asubuhi. Gazeti lilibaki kavu vile vile.

"Bakuli la Machogu halivuji hata tone," alisema akijipiga kifua.

Siku hiyo Gesare aliuhamisha mti peke yake. Chungu cha zamani kilimponyoka kikavunjika, lakini hakujali, kwa maana mti ulipendeza ajabu.

Mvua zilinyesha mfululizo. Wiki ya pili jani moja likawa la manjano. Kesho yake yalikuwa sita. Gesare alidhani mti una kiu, akaongeza maji. Majani yakazidi kudondoka, naye akawa anayaokota haraka na kuyaficha mfukoni kabla mtu hajayaona. Chakula kilimshinda. Darasani mwalimu alimwita mara mbili asisikie.

Jumapili shangazi alipiga simu. "Mti wangu uko aje?"

Gesare aliyagusa majani mfukoni. "Uko sawa, shangazi. Umependeza."

Akamrudishia mama simu upesi.

"Si unyamaze tu," rafiki yake Maureen alimshauri walipokuwa wakitoka shuleni. "Useme ni jua. Nani atajua?"

"Jua gani na mvua hii yote?"

Jumatano, siku mbili kabla ya shangazi kurudi, Gesare alichomeka kidole kwenye udongo. Kilizama kwenye tope baridi, na harufu ya uozo ikampanda puani. Huu haukuwa mti wa mapambo tu. Shangazi hakuwa na kitu kingine kutoka kaburini kwa baba yake, na ulikuwa unakufa mikononi mwake, Gesare. Aliogopa kumwambia baba. Aliogopa zaidi kuamka kesho akute tawi halina jani hata moja. Alilibeba bakuli kwa mikono miwili, akaenda nalo kibandani kwa baba huku akilia.

Alisema yote: bakuli, chungu kilichovunjika, uongo wa kwenye simu. Machogu aliacha kuchonga. Alimtazama binti yake, akautazama mti, kisha akabonyeza namba ya dada yake na kumpa Gesare simu.

"Mwambie mwenyewe."

Shangazi alisikiliza bila kumkatiza.

"Bakuli lina matundu chini?" shangazi aliuliza.

"Hapana. Halivuji."

"Basi mizizi inazama, Gesare. Utoe sasa hivi. Mizizi myeusi iliyolegea, ikate. Iliyo imara, usiiguse. Na umpe baba yako hiyo simu."

Gesare alichukua mkasi akakata. Nusu ya mizizi ilikuwa imeoza. Machogu alisikiliza maagizo ya dada yake, akakohoa, akatazama bakuli lake kama mtu anayeombwa kumchinja jogoo wake. Kisha akachukua msumeno, akalipunguza kina hadi likabaki vidole vinne, na kwa keekee akatoboa matundu matatu chini. Walichanganya udongo na changarawe, wakaupanda mti upya na kuuweka chini ya paa, mbali na mvua.

Shangazi alifika Ijumaa. Hakufoka, na Gesare akaogopa zaidi. Maonyesho yalipita bila mti wao. Kila asubuhi Gesare alikwenda kuutazama, na kila asubuhi matawi yalikuwa makavu vile vile. Ilipita wiki ya tatu ndipo alipoona vichipukizi viwili vya kijani, vidogo kama punje za wimbi. Alipiga kelele hadi jirani akatoka.

Shangazi alikuja, akainama, akavigusa kwa ncha ya kidole. Macho yake yalijaa machozi.

"Chungu cha mti huchaguliwa kwa kufikiria mizizi kwanza, uzuri baadaye," alisema. "Hilo hukulijua, sikulaumu. Lakini jani la kwanza lilipobadilika rangi, ungeniambia, tungeokoa mizizi yote. Uliniogopa mimi, ukauacha mti uteseke."

"Nisamehe, shangazi. Niliogopa sana."

"Kuogopa utaogopa tena. Ogopa, lakini sema." Akamsukumia Gesare mti ule. "Mara ya kwanza nilikuachia nikidhani hutakosea. Sasa nakuachia kwa sababu najua ukikosea utaniambia."