Utepe Uliomuumbua Bibi

Kila nilipotoka shule, nyumbani kwetu mtaa wa Mtanda, nilimsaidia Bibi kukuna nazi na kutwanga. Bibi Sada akishika mchi lazima aimbe, nami nikipenda kumsikiliza kuliko kula. Mwaka ule, 1957, Mwalimu Valentini alileta mashine ya betri ya kunasa sauti, na kila mwanafunzi akapewa siku yake ya kwenda nayo nyumbani. Ilikuwa nzito, mabega yaliniuma mpaka kesho yake.

Nikanasa mchi, mbuzi ya nazi, na kata ikigonga mtungi. Mwalimu alikuwa ametufundisha kukata utepe kwa wembe na kuunga vipande, na kugeuza kitufe ili sauti iende polepole au mbio. Mchi wa Bibi nilipoupunguza mwendo ukanguruma kama ngoma kubwa. Nilifurahi mno, lakini muziki wangu ulikosa sauti ya mtu.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Bibi alikuwa kungwi, mwenye kuwafunda wasichana unyagoni, na alasiri ile alikuwa chumbani na msaidizi wake, Bi Kibibi, wakikumbushana nyimbo za unyago. Nyimbo hizo mwanamume hazisikii, wala msichana ambaye hajachezwa unyago. Mimi sikuwa nimechezwa. Nikaiweka mashine chini ya dirisha. Nilijiambia kuwa nikiikimbiza sauti itakuwa kama ya ndege, na nani atajua?

Siku ya wazazi muziki wangu ukapigwa uwanjani, watu wakacheka na kupiga makofi. Mwalimu, ambaye alikuwa mtu wa bara na hakujua mambo ya unyago wetu, akataka kuwaonyesha ufundi wenyewe. Akarudisha utepe, akageuza kitufe ili sauti ile ya ndege iende polepole. Sauti ya Bibi, peke yake, ikatoka neno kwa neno mbele ya wanaume. Wanawake wakajifunika kanga usoni. Mzee Pazi, mkubwa wa mtaa wetu, aliyekuwa mbele kabisa, akainuka akaondoka, na wenzake wakamfuata.

Jioni mji mzima ulisema kwamba Bi Sada ameniimbia kwa hiari yake ili mjukuu wake asifiwe. Bibi alikana, hakuna aliyemwamini. Siku nne nilikula ugali wake nimenyamaza, naogopa fimbo. Mpaka leo najionea haya.

Siku ya tano wanawake walikuja kuichukua ngoma ya unyago, alama ya ukungwi wake. Nilipomwona Bibi akiifuta vumbi kabla ya kuitoa, nililia.

"Bibi hakuniimbia," nikasema. "Nilimwibia dirishani."

Walimwomba Bibi radhi, na utepe ukachomwa jikoni mbele ya macho yao. Lakini ngoma haikurudi. Asubuhi ile Bi Kibibi alikuwa amekwisha kuapishwa kuwa kungwi mahali pa Bibi, na kungwi akishaapishwa hatenguliwi bila kosa. Ningesema jana yake tu, ngoma ingebaki kwetu.

Walipoondoka nilimwomba Bibi anipige. Alikataa.

"Mashine haina kosa, mjukuu wangu," alisema. "Sauti ya mtu ni yake, huombwa kwanza. Hilo hukulijua vizuri, ulikuwa mtoto. Lakini zile siku nne uliniona naumia, na ulijua la kusema. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajalipa."

Kisha akanipa mchi mmoja, naye akashika wake. Tulitwanga mpaka mpunga ukaisha. Hakuimba siku ile, wala hakuimba tena.