Marehemu Anafagia Uani

Mwaka 1954, Mcha, seremala wa Mlandege, alinunua nyumba ya udongo kwenye kilima kilicho juu ya Bububu. Mkewe, Mwanakheir, alikuwa na mimba ya miezi saba. Alichoka na chumba cha kupanga. Alitaka mtoto wake azaliwe kwenye nyumba yao wenyewe.

Muuzaji aliitwa Jaku. Nyumba aliirithi kwa mama yake.

"Dada yangu Time ameshafariki," alisema. "Nimebaki peke yangu."

"Mwenyezi Mungu amrehemu," Mcha alijibu. Akaona haya kuuliza zaidi. Nani humhoji mtu juu ya msiba wake? Wakaandikiana karatasi, Jaku akaenda zake.

Alhamisi ya kwanza, Mwanakheir alirudi kutoka kisimani, akakuta ua umefagiwa. Mtungi aliouacha mtupu ulikuwa umejaa maji. Chumba cha nyuma kilinukia ubani.

"Umeota," Mcha alimcheka jioni. Hodari huyo, kazi yake kucheka asichokiona.

Alhamisi ya pili, mambo yakawa yale yale. Mwanakheir akaogopa hata kula peke yake.

Alhamisi ya tatu alijificha jikoni. Jua lilikuwa kali, na kijiji kizima kilikuwa kimya. Akasikia ufunguo ukizunguka kwenye mlango wa nyuma. Ufunguo huo wao hawakupewa. Kizee mwembamba akaingia, akachukua fagio, akaanza kufagia polepole.

"Nani wewe?" Mwanakheir aliuliza.

"Mimi Time. Nnafagia nyumba ya mama yangu. Nyie ndio wapangaji wa Jaku?"

Mwanakheir alipiga ukelele. Akakimbia mpaka kwa jirani, Mzee Usi, aliyewahi kuwa karani wa kadhi.

"Marehemu yuko kwangu! Anafagia!"

"Marehemu gani?"

"Time, dada yake Jaku!"

Mzee Usi hakucheka. "Bi Time anakaa Mkokotoni. Kila Alhamisi huja kumuombea dua mama yake. Nani kakwambieni kafa?"

"Jaku. Na sisi tuliona haya kuuliza."

"Na sisi majirani tuliona haya kukuulizeni mmeingiaje. Haya yetu ndiyo iliyomzika mtu hai! Sikiliza, mwanangu. Nyumba ya urithi haiuzwi na mmoja. Jaku ana mafungu mawili, dada yake ana fungu moja. Kabla ya kununua, waulizeni majirani warithi ni nani. Kisha wote waende kwa kadhi, waridhie kwa midomo yao."

"Bi Time akikataa, nyumba itatutoka?"

"Fungu lake haliuziki, na mtakuwa mashakani."

Mwanakheir akalia.

Jaku aliitwa kwa kadhi, akakiri uongo wake. Akaamriwa ampe dada yake fungu lake la bei, kama dada huyo ataridhia kuuza.

"Unaridhia, Bi Time?" kadhi aliuliza.

Bi Time alimtazama kaka yake, kisha akalitazama tumbo la Mwanakheir.

"Nnaridhia. Lakini karani, andika kwanza kuwa mimi ni mzima."

Karani wa kadhi akaandika, akamsomea. Bi Time akatia dole gumba.

Mwezi mmoja baadaye mtoto alizaliwa katika chumba cha nyuma. Aliyempokea alikuwa Bi Time. Mwanakheir akaishika mikono ya yule bibi, akaikuta ina joto.