Barabara Iliyo Ndani ya Nyumba

Shirleen aliamka na vumbi kwenye nyayo, na siku hiyo hakuwa ametoka nje.

Mama yake, Akoth, alimfuta kwa kitambaa chenye maji. Mtoto alikuwa ameanza kutembea juzijuzi tu, na mlango wa nje ulikuwa na komeo. Labda sikufagia vizuri, Akoth alijiambia. Akafagia tena.

Walikuwa wamepanga Kitengela, upande wa kwenda Isinya. Mumewe, Obura, alifanya kazi Magadi na kuja nyumbani wikendi. Ndiye aliyemletea mashine ya kukimbia baada ya kujifungua. Yeye na mwenye pikapu waliiburura mpaka chumba cha pili, wakicheka kama vijana. Akoth aliipenda. Nje kulikuwa na malori ya mchanga, mbwa, na watu wa bodaboda waliomwita majina akipita. Ndani alikimbia huku mtoto akilala chumba cha karibu, akimsikia hata akikohoa.

"Wewe Mama Shirleen ni mtu wa ajabu," jirani yake, Gathoni, alimtania wakiwa kwenye kamba ya nguo. "Unakimbia mpaka unalowa jasho, halafu unajikuta palepale!"

"Si hiyo ndiyo raha yake, Mama Njogu? Nikichoka niko nyumbani tayari."

Gathoni alicheka. Mvua ikitisha, yeye ndiye aliyeanua nguo za Akoth bila kuulizwa, akazikunja, hata soksi.

Jumatatu mchana, mtoto akiwa amelala, Akoth alikuwa juu ya mashine aliposikia hatua nyingine nyuma ya zake. Alipunguza mwendo, nazo zikapungua. Harufu ya ng'ombe na majani mabichi ikajaa chumbani, ingawa kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu mpaka Kajiado. Akazima mashine. Zile hatua zikaendelea kidogo, kama za mtu asiyejua kwamba mwenzake amesimama, kisha zikampita karibu kabisa na bega na kupotelea mbele, ukutani.

Aling'oa waya kwenye soketi. Hakukimbia tena wiki hiyo.

Ijumaa alikuwa anapika mboga aliposikia mkanda wa mashine ukizunguka. Alikwenda na mwiko mkononi. Waya ulikuwa bado sakafuni. Shirleen alikuwa juu ya mashine, anatembea, ameupa mlango mgongo, mkono mmoja ameuinua kama mtoto aliyeshikwa na mtu mzima.

"Shirleen! Kuja kwa mama!"

Mtoto alicheka, na kicheko chake kikatoka mbali, kama cha mtoto wa watu anayecheza ng'ambo ya uwanda. Akoth aliruka kumshika, mikono yake ikapita kwenye hewa baridi, na alipotazama vizuri akaona kwamba mtoto alikuwa mdogo kuliko alivyo, mdogo namna vitu vinavyokuwa vidogo vikiwa mbali, ilhali ukuta ulikuwa palepale na kalenda ya kanisa ikining'inia palepale.

Alipiga kelele. Gathoni akaingia mbio, mikono ikiwa na povu la sabuni, akatazama.

"Yesu wangu," alinong'ona. "Hilo ni jini. Nikuitie pasta?"

"Pasta ako wapi na mtoto anaenda! Mama Njogu, anaenda!"

Gathoni hakubishana. Alifungua leso kiunoni mwake, akamfunga Akoth tumboni mafundo mawili, akajizungushia mwisho wake kwenye mkono.

"Kimbia. Mimi siachilii, hata nikatwe huu mkono."

Akoth alipanda akakimbia kama ambavyo hakuwahi kukimbia, akiwa mlemle chumbani na huku majani yakimchapa miguu, jua likimchoma chini ya dari, leso ikimkata tumbo, sauti ya Gathoni ikififia nyuma yake, "Niko hapa, niko hapa," na mbele mtoto wake na yule aliyemshika mkono, mrefu, asiyegeuka, wakitembea bila haraka kama watu wanaokwenda kwao, mpaka akawafikia, akampokonya mtoto, akamkumbatia na kupaza sauti, "Vuta!"

Gathoni alivuta. Wote watatu wakaanguka sakafuni. Gathoni ndiye aliyeinuka kwanza, akaleta panga la kukatia nyasi na kuukatakata ule mkanda, akiimba wimbo wa kanisa. Mashine ikanyamaza. Harufu ikaisha. Jikoni mboga ilikuwa haijaiva bado.

"Ako sawa?" Gathoni aliuliza.

Akoth alimkagua mtoto macho, vidole, magoti. Hakuwa na jeraha hata moja. Alikuwa mzito kuliko asubuhi. Kisha akamshika kichwa. Asubuhi nywele za Shirleen zilikuwa fupi, hata kitana hakikuzishika. Sasa zilikuwa ndefu, zimeoshwa, zimepakwa mafuta, zimesukwa mistari midogo midogo, polepole, na mtu ambaye hakutaka kumuumiza.

"Mama yuko hapa," Akoth alimwambia, machozi yakimtoka. "Mama yuko hapa, mtoto wangu."

Shirleen alimtazama kwa utulivu, kama anavyotazamwa mgeni. Kisha akajisukuma kutoka kifuani mwake, akanyoosha mikono yote miwili kuelekea ile mashine iliyokatwa, na kuita, "Mama!"