Kikohozi cha Joash

Kompyuta ilianza kukohoa Jumatatu, saa nne asubuhi, Bosibori akiwa ameshika kikombe cha chai.

"Ni feni tu, Mama Linda," alisema Momanyi, fundi mwenzake katika ofisi yao ndogo ya Keumbu. Mafundi nao! Hata nyumba ikiwaka moto watakwambia ni feni.

Bosibori alikijua kikohozi kile. Mumewe, Joash, alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa mapafu miezi mitatu nyuma, na kompyuta hiyo ilikuwa yake. Kasha la kompyuta lilikuwa bado limelazwa chini ya meza, Joash alivyoliacha. Humo ndimo ilimokaa skripti yake, amri zilizounganisha programu ya zahanati na kuituma kila kituo. Mstari wa kwanza ulidai Bash, shell aliyoizoea Joash, yaani programu ya kusoma amri na kuzitekeleza. Kwenye kompyuta mpya ya ofisi, yenye shell nyingine, skripti iligoma.

Jumatano ikaja harufu ya dawa ya kuchua kifua. Alhamisi, skripti ikimaliza kazi, yakatokea maneno ambayo hakuna aliyeyaandika: *Mama Linda, nikalishe.*

Bosibori alilia mpaka sauti ikamkauka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya Joash hospitalini. Naye, kwa uchovu wa siku tatu bila usingizi, alimjibu "ngoja kidogo", akasinzia. Alipoamka, mumewe alikuwa amekata roho, amelala chali vilevile.

Akaitwa Mchungaji Nyabuto. Aliomba, akagusa kasha, akaondoa mkono haraka.

"Hajapumzika," alinong'ona. "Kuna kitu kinamfunga hapa. Kifungueni aende."

"Ni Bash," Momanyi akasema kwa sauti ya chini. "Hawezi kukaa kwingine."

Bosibori alikataa kusaidiwa. Aliondoa kila amri ambayo Bash peke yake iliielewa, akaweka amri za kawaida ambazo kila shell inazijua, na kadiri alivyofuta ndivyo kikohozi kilivyopanda kutoka chini ya meza, kikavu, kikikatika na kurudi, na ile harufu ikamjaa kooni mpaka machozi yakadondoka kwenye vidole vyake, naye akiandika tu, akisema, "Nenda, Baba Linda, nenda upumzike, nimekosa, nisamehe."

Skripti ikakubali kwenye kompyuta mpya. Ikatuma programu vituo vyote thelathini na kimoja. Ile ya zamani ikazimwa. Ofisi ikawa kimya, na Bosibori akalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Asubuhi Lavender, muuguzi wa kituo cha Nyaramba, akapiga simu.

"Mama Linda, sijui nikuambie aje. Kompyuta yetu inakohoa. Na hapa imeandika jina lako."

Momanyi alikuwa amesikia. "Nyasae, Mungu wangu," akanong'ona. "Tumemfungulia. Sasa anaweza kukaa popote."

Bosibori alitazama kasha la zamani, bado limelala chini ya meza. Wiki nzima yeye alikuwa amekaa hapo, miguu yake karibu kuligusa.

"Kasha lenu limelala ama limesimama?" aliuliza.

"Limelala."

"Liinue, dada. Polepole. Likalishe."

Akasikia kasha likiburutwa, kisha pumzi moja ndefu. Kikohozi cha Nyaramba kikanyamaza.

Hajaweka simu chini, ikalia tena. Ilikuwa Manga, kituo kingine.